Wapokea Mizigo wa Kigoma Kwenye Bwawa la Vaal

Nyinyi wenzangu mliokulia Kigoma mnakumbuka, na anayesema hakumbuki ameamua tu kusahau akili za nyumbani. Treni ya kutoka Tabora ilikuwa haijasimama vizuri, sisi watoto tumeshajaa njiani, miguu vumbi, pua zinachuruzika, tunasukumana. Hatukwenda kuomba. Hatukwenda kuuza karanga. Tulikwenda kupokea watu mizigo yao.

Nyumba yetu ilikaa njiani kabisa, katikati ya stesheni na bandari, na mtu aliyeshuka treni akiitaka meli hakuwa na pengine pa kupita. Meli yenyewe ya wakati huo ilikuwa na maringo kuliko bibi harusi. Unaambiwa itakuja Jumatano, inakuja Jumapili. Kwa hiyo watu wa kwenda kusini ya ziwa na watu wa kwenda ng'ambo Kongo walilala uwanjani kwetu wakiisubiri, wengine na watoto, wengine na mbuzi. Mama yangu hakuwa na hoteli. Alikuwa na uwanja uliofagiliwa, mikeka, mitungi ya maji, na mdomo wa kutosha kuwatuliza wote hao wasigombane. Aliyekuwa na chumvi aliacha chumvi kidogo, aliyekuwa na mihogo aliacha mihogo, asiye na kitu alichota maji na kupasua kuni, siku zikaenda.

Sheria ilikuwa moja. Mtoto akimwona mgeni na mzigo, anakimbia, anatoa shikamoo, anaupokea. Humuulizi mgeni anakwenda wapi, na mgeni hakuulizi unampeleka wapi. Mzigo ukishakaa kichwani mwa mtoto wa watu, mgeni ameshafika, hata kama bado anatembea. Na kuanzia hapo ukipotea hata uzi, wa kujibu ni mwenye nyumba. Mama alisimama mlangoni ameshika kiuno, anatutazama tunavyokuja kwa mstari kama siafu, na maneno yake yalikuwa yaleyale kila treni ikifika: "Mzigo wa mgeni ukigusa chini kabla haujaingia ndani, mmenivua nguo."

Basi tulibeba. Tulibeba chumvi ya Uvinza iliyoloa kwa jasho letu na kutuchonyota shingo mpaka machozi yakatoka. Tulibeba madebe ya mawese, ukifika nyumbani nywele zinang'aa kama umetoka kusukwa. Tulibeba kuku waliofungwa miguu, wakatuharishia migongoni. Dada yangu Chiku, aliyenizidi miaka miwili na mbio, siku moja alibahatika kubeba kichwa cha cherehani, nikamwonea wivu wiki nzima, kwa sababu mtoto aliyebeba cherehani alikuwa mtu mkubwa mtaani. Mimi siku hiyohiyo nilipokea furushi la mzee mmoja mnene, dogo tu, limefungwa kwa kaniki. Nikaliweka kichwani, shingo ikaingia mabegani. Lilikuwa jiwe la kusagia. Mzee anampelekea binti yake aliyeolewa huko kusini, kana kwamba huko Mungu hakuumba mawe. Nililibeba mpaka ndani, halikugusa chini, na hadi leo nikigeuka kushoto shingo inanikumbusha yule binti.

Jioni uwanja wote ulinuka moshi na migebuka inayochemka kwenye mawese. Ugali wa muhogo ulipikwa kwenye sufuria ambayo mtoto angeweza kuogea ndani yake, na kwa kweli tuliogea. Watu wasiojuana wakakaa sinia moja. Mmoja anatoka Tabora, mmoja Uvira, mmoja hakuna aliyejua anatoka wapi na hakuulizwa mpaka ashibe. Sisi tulicheza kombolela katikati ya mizigo, na tulipochoka tukalala juu ya magunia ya watu, ndio tulikuwa walinzi. Mwizi akija atabeba gunia na mtoto. Shule nilikwenda mpaka darasa la pili, mwalimu akaona nina kichwa kigumu, mimi nikaona ana fimbo ndefu, tukaachana. Lakini kichwa hichohicho kigumu kilibeba mizigo ya nusu ya watu wa ziwa lile.

Sasa nije kwa watoto wa leo, maana ndio walionitia uchungu wa kukumbuka yote haya.

Binti yangu Mwajuma aliolewa na Themba, kijana aliyezaliwa Morogoro, wazazi wake wakiwa wakimbizi wa siasa kutoka Afrika Kusini. Nchi yao ilipopata uhuru wakarudi, na Mwajuma wangu akaenda nao. Mimi nilikuja Johannesburg alipojifungua mtoto wa kwanza, nikae arobaini nirudi. Arobaini ile haijaisha mpaka leo. Mtoto yule ni Nandi, na wa pili ni Musa, jina ambalo halikuleta ugomvi kwa sababu kwa Wazulu lipo na kwetu lipo. Tulikaa Malvern, nyuma ya barabara ya Jules, vyumba viwili juu ya duka la matairi.

Wajukuu hao nawapenda, lakini nitasema. Kiswahili wanakisikia chote, hasa ukiwasengenya, ila kukisema ni kama umewaambia wameze mwiba. Asubuhi mtoto anapita mbele yangu macho kwenye simu, anasema "hi, Gogo." Gogo ndiyo bibi kwa lugha yao, lakini kwetu gogo ni mti ulioanguka, na mimi sijaanguka. Mpe Musa ndoo ya maji aweke kichwani, anaitazama kama umempa ng'ombe amkamue kwa meno. Mkanda wa begi la shule ukikatika, anamwita mama yake, mama anaita teksi. Mimi nikiwa na umri wake nilikuwa na bega la mchukuzi wa bandari.

Themba alikuwa anafanya kazi kiwanda cha vigae. Mwaka mmoja baada ya yale mavuvuzela ya Kombe la Dunia, wageni wote wameshaondoka na kelele zao, kiwanda kikafungwa, kodi ya Malvern ikatushinda. Hapo ndipo mkwe wangu alipokuja na akili mpya. Akanunua karavani kwa mtu wa Jules, nyumba ya bati yenye magurudumu, ikivutwa na pikapu inayokohoa. Akasema watu wa huku wanakwenda kupumzika kando ya mabwawa, wanapanga hema, na wenye kambi hutafuta familia ya kukaa pale kuwapokea, kuwaonyesha mahali pao, kusafisha vyoo na kukusanya takataka. Malipo yake ni kukaa bure, maji bure, umeme bure.

Niliposikia kuwapokea wageni wa ziwani, moyo wangu ukaruka. Nikamwambia Mwajuma, hiyo ndiyo kazi niliyozaliwa nayo, mumeo kumbe ana akili.

Tulizunguka na lile karavani tangu Desemba. Kambi ya kwanza tulikuta imeshapata watu. Ya pili ilikuwa na mbu na mwenye kambi mlevi, mbu walikuwa nafuu. Ya tatu ikawa bwawa la Vaal, kwa mzee mmoja Kaburu mwenye kaptula na soksi za kufika magotini, kila mtu akimwita Oom Hennie. Oom ni mjomba kwao. Huyo akamwambia Themba wazi: kaeni mpaka Pasaka, Pasaka ndiyo watu wanajaa, nitaona kazi yenu, ikiisha nitasema kama mnabaki au mnafunga pikapu mwondoke.

Na kufunga pikapu maana yake tuliijua wote, hata Musa. Themba angekwenda na watoto kwa kaka yake Soweto, nyumba ya vyumba viwili ambayo tayari ina watu tisa. Mwajuma angelala kwa tajiri anayemfulia. Mimi ningewekwa kwenye basi Park Station, nishushwe mpakani, niendelee hivyohivyo mpaka Kigoma, kwenye nyumba ambayo Chiku alishakufa ndani yake. Hakuna aliyelisema kwa sauti. Lilikaa nasi mezani tu, linakula.

Kwanza lakini palikuwa na neno la kulala. Kwetu mama mkwe na mkwe hawalali chumba kimoja, hawali sahani moja, na wakikutana njia nyembamba mmoja anatafuta kichaka. Malvern tulikuwa na kuta. Ndani ya karavani tuligawanywa na pazia la maua. Usiku wa kwanza wa Desemba nilimsikia Themba anapiga chafya, na yeye akajua nimemsikia, na asubuhi hatukuweza kutazamana mpaka saa sita. Nikamwambia Mwajuma anipangie hema nje, nitalala humo. Akasema baridi, Mama. Nikasema baridi haina aibu. Kwa hiyo Vaal hema langu likasimamishwa mbele, karibu na geti, na ndiyo maana kila aliyeingia kambini alianza kuniona mimi.

Ngoja niwaambie kidogo kuhusu hao wapumzikaji, maana mtasema natia chumvi. Mtu ana nyumba ya ghorofa, kitanda kama uwanja, bafu tatu. Anaacha vyote anakuja kulala chini, tena kwa kulipa. Sisi uwanjani kwa mama tulilala chini kwa sababu meli imechelewa. Hawa meli yao ni ipi? Anakuja kwenye maji na maji yake ndani ya chupa. Anafunga turubai kuzunguka hema lake asimwone jirani, halafu anasema amekuja kutazama mandhari. Nyama anachoma peke yake, baba wa nyumba amesimama mbele ya makaa na koleo kama askari wa zamu, na moshi unawafikia majirani ishirini wala hapiti mtu kusema karibu. Na hilo bwawa wanalolisifu, jamani. Unaona ng'ambo. Unamwona ng'ombe wa ng'ambo. Ziwa gani unahesabu ng'ombe wa upande wa pili? Sisi tulikuwa na ziwa lenye mawimbi ya kutapisha wanaume.

Lakini mgeni ni mgeni. Wiki ile ya Pasaka nikawaita Nandi na Musa hemani, nikawafundisha. Gari likisimama, mnakimbia, mnasalimu, mnapokea mzigo, mzigo haugusi chini. Musa akauliza kama mzigo una magurudumu inakuwaje. Nikamwambia magurudumu ni ya mkokoteni. Nandi, miaka kumi na miwili, mdomo kama wa mama yangu, akakunja mikono. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alinijibu kwa Kiswahili kitupu, ili nisije nikasingizia sikuelewa.

"Bibi, watu wa Joburg ukikimbilia gari lao, wanafunga milango. Ukigusa begi lao, wanaita polisi."

Nikamwambia hiyo ni kwa sababu hawajawahi kupokelewa. Akasema sawa, Bibi, lakini mimi sipo. Nikamwambia kaa na simu yako.

Ijumaa Kuu, sisi Waislamu haituhusu ila kazi ilituhusu. Themba alikuwa ameondoka na Oom Hennie kwenda mjini kutafuta kipuri cha pampu ya maji, Mwajuma yuko vyooni na brashi. Nimekaa mbele ya hema, nimevaa kanga zangu mbili nzuri. Likaingia gari kubwa jeupe, jipya, linang'aa mpaka unajiona meno. Akashuka mwanamke wa makamo, Mzungu, miwani kichwani, amechoka na safari, mkononi ana begi la ngozi na begani mfuko mwingine. Mwenzangu, nilipomwona niliwaona wageni wa mama yangu, yule wa Uvira, na yule wa Tabora, na wote wale. Miguu ikaondoka yenyewe. Goti langu bovu lilisahau kuwa bovu.

"Karibu mama, karibu, pole na safari," nikamwambia, na begi likawa kichwani kwangu, na mimi nikawa nimeshageuka naelekea hemani.

Ile sauti aliyotoa sijaisikia tangu chui aingie zizini kwa jirani yetu. Mumewe alikuwa bado ndani, badala ya kutoka kumsaidia mkewe akafunga milango, tak, yeye ndani mke nje. Wanaume wa nyama wakaja na koleo zao. Kwa mara ya kwanza Pasaka ile majirani wale walitoka nyuma ya turubai zao wakaonana uso kwa uso, na ni mimi niliyewakutanisha. Mimi natembea. Mzigo wa watu uko kichwani, mkono mmoja kiunoni, sitishiki. Nikauingiza ndani ya hema, nikauweka juu ya mkeka safi, nikatoka na kikombe cha maji nimpe mgeni anywe. Mgeni akakitazama kikombe kama kina nyoka.

Hapo ndipo pikapu ya Oom Hennie ilipoingia getini, Themba kando yake na kipuri mapajani. Mkwe wangu aliangalia mara moja tu akajua. Sijawahi kuona mtu anakuwa mfupi akiwa ameketi. Mwajuma naye akatoka vyooni mbio, glavu za mpira mikononi. Yule mume, sasa Oom amefika, akapata ushujaa, akatoka garini akiongea kwa kidole, na neno moja nililolishika ni "thief", ambalo ukikaa Johannesburg unalijua kabla ya "good morning". Akasema ama sisi tuondoke saa hiyohiyo, ama yeye aondoke na awaambie wenzake wote.

Oom Hennie hakupiga kelele. Alisogea mpaka mbele yangu, akavua kofia, akauliza. Themba alifungua mdomo, lakini angenitetea vipi, mkwe? Hata jina langu hawezi kulitaja. Mwajuma alikuwa analia tayari. Nani akasogea, akasimama katikati yangu na Oom? Yule asiyekuwepo. Ameweka simu mfukoni.

"Bibi, anauliza kwa nini umechukua begi la yule mama."

Nikamwambia, "Mwambie kwa sababu alikuwa amelishika."

Nandi akaniangalia. Halafu akamgeukia mzee na kuanza kusema Kiingereza. Akasema, akasema, akaonyesha hema, akaonyesha gari, akaonyesha kichwa changu, akatabasamu kama mtangazaji wa televisheni. Nikajiuliza, neno langu moja hili linatafsiriwa mpaka lini? Musa anatikisa kichwa, yes, yes. Uso wa yule mwanamke ukaanza kulegea. Mume akashusha kidole. Oom Hennie akakuna kidevu, akanitazama juu mpaka chini, kisha akaenda kwenye pikapu na kurudi na kizibao cha rangi ya machungwa chenye mistari ya kung'aa, kama kile cha walinzi wa magari kule mjini. Akanipa.

Baadaye Nandi alinieleza alichosema. Alisema hii ni huduma yetu mpya ya Pasaka, ya bure, kama hoteli kubwa za ng'ambo: mgeni habebi kitu, anabebewa mpaka hemani kwake na mama wa Kiafrika mwenye vazi la asili. Alisema bibi alianza kabla hatujaitangaza, samahani kwa usumbufu. Oom akasema ni wazo zuri, lakini bibi avae kitu watu wamtambue.

"Ningemwambia ulivyosema," akanieleza, "leo tungelala barabarani."

Mama yangu angemchapa kwa uongo ule mpaka aseme ukweli kwa lugha zote. Mimi nilimpa mapaja mawili ya kuku.

Lakini kile kizibao. Nilikishika mkononi, wenzangu, sikukivaa mara moja. Miaka yote ile nimepokea watu, sikuwahi kuambiwa nivae kitu ili niaminike. Mama yangu alipokea na kanga iliyotoboka. Nikainua macho nikamwona Mwajuma, glavu zimejaa povu, anaomba kwa macho tu. Nikamwona Themba anatazama magurudumu ya karavani. Nikakivaa juu ya kanga zangu nzuri.

Na hapa ndipo mcheke na mimi, maana nisipocheka nitatukana. Mkono uleule, bibi yuleyule, goti lilelile bovu. Kuanzia Ijumaa ile jioni kila gari lililoingia lilinipa mizigo yenyewe. Walinipa mabegi, viti, kulaboksi zilizojaa barafu, mmoja alinipa mtoto mchanga. Hawakuniuliza jina. Mtu wa Johannesburg hamwamini jirani yake wa ukuta mmoja, ila akiona rangi ya machungwa inang'aa anakukabidhi na funguo za gari. Nilikuwa najiuliza, majambazi wa mji huu hawana akili? Kizibao kinauzwa kila mahali.

Musa alibeba. Mzigo wa kwanza ulimtoa jasho, wa pili ukamtoa ulimi, kufikia Jumapili anashindana na watoto wa wageni nani atabeba kulaboksi bila kupumzika. Nandi naye alibeba, ila na uso wa mtu asiyetuhusu. Na nyama ilitufikia, kwa sababu mtu uliyembebea mzigo anaona haya kula peke yake ukimtazama. Hilo hata Mzungu anaona haya. Siku ile ya Jumapili kulikuwa na turubai tatu zimefunguliwa upande wetu, na mzee mmoja wa Kihindi kutoka Lenasia akanionjesha pilipili iliyonitoa machozi ya heshima.

Jumatatu wakaanza kuondoka. Yule mwanamke wa begi la ngozi nilimbebea mwenyewe mpaka garini. Oom Hennie amesimama getini na Themba, anaaga watu, na mimi najua kwamba akishamaliza kuaga atatoa neno lake. Mwanamke akaingiza mkono kwenye mkoba. Akatoa sarafu. Akanishika kiganja, akaiweka humo, akakifumba kwa vidole vyake, akasema, "Shame, Gogo," ambayo ni huruma yao, unaweza kuipata kwa kufiwa au kwa kuwa na soksi nzuri.

Damu ilinipanda. Nilitaka kuirudisha. Mkono ulikuwa tayari umeshaanza kufunguka. Nikamwona Oom anatazama. Nikaona anaona bibi kizee mwenye kiburi au bibi kizee mwenye shukrani, na kwamba watu watano watalala mahali kwa kadiri atakavyoona. Nikakunja goti kidogo, nikaipokea kwa mikono miwili. Nikasema asante kwa Kizulu, ili Oom asije akakosa kuisikia.

Jioni ile Oom akamwambia Themba tukae mpaka tuchoke sisi. Tukakaa baridi mbili pale. Mwajuma akaacha kufulia watu. Watoto wakapanda basi la shule getini. Mwaka wa tatu Themba akapata kazi ya vigae tena, tukauza karavani kwa mtu aliyetaka kulifanya spaza, kiduka cha mtaani, tukahamia Troyeville, kwenye kuta, nikalala kitandani bila kumsikia mkwe akipiga chafya. Nandi sasa ni msichana mkubwa, na akitaka kitu kwangu anakiomba kwa Kiswahili, mjanja yule.

Siku hizi masanduku yanavutwa. Nakwenda Park Station kumpokea mtu aliyetoka nyumbani, naona watu wanashuka mabasi, kila mtu na magurudumu yake, krrr, krrr, anapita peke yake katikati ya elfu, mkono umekaza kwenye mpini kama anamshika mtoto asipotee. Juzi nilimwona mama mmoja wa rika langu, anatembea kwa tabu, furushi liko kichwani. Nikasogea. Akalikumbatia furushi akarudi nyuma. Sikumlaumu. Sikuwa nimevaa kile kizibao.

Na nimekumbuka, wenzangu, siku moja pale Kigoma mfanyabiashara mmoja wa nguo alimpa Chiku senti, kwa siri, kwa kumbebea mabunda yake. Mama alipoiona hakumpiga. Alimwambia tu amkimbilie mwenyewe akamrudishie, kwa sababu sisi sio watu wa kulipwa. Chiku akakimbia mpaka bandarini. Meli ilikuwa imeshaachia kamba, watu wanapunga mikono. Dada yangu akasimama ukingoni, akaitupa ile senti kwa nguvu zake zote kuifuata meli, ikaanguka majini, akarudi nyumbani anatembea kichwa juu kama malkia.

Sarafu yangu mimi nilimpa Musa akanunue mkate. Tuliula wote watano, mimi hemani na wao ndani, na ulikuwa mtamu, sitawadanganya.